Mwenye Mkono wa Maji

Kwa Mama Vyungu hununui mmea kwa sababu tu umeupenda. Wateja wapya hulijua hilo baada ya kuaibika kidogo. Mtu anashuka kwenye gari, ananyoosha kidole kwenye yasmini iliyojaa maua, anatia mkono mfukoni, na mwenye mali bado amekunja mikono kifuani kama mlinzi wa benki.

"Utauweka wapi?"

"Sebuleni."

"Dirisha la sebule linaangalia wapi? Jua linaingia asubuhi au jioni? Au haliingii kabisa, mnawasha taa mchana?"

Kuna bwana mmoja mwenye tai aliyemwambia kwamba yeye amekuja kununua ua, hakuja kuomba kazi. Mama Vyungu akamjibu kwamba ua ndilo linaloajiri, yeye anasimamia usaili tu. Bwana akacheka, akajibu maswali yote, na akaondoka na kangaga, kwa sababu sebule yake ilikuwa na giza na yasmini ingemfia mikononi. Tangu hapo hurudi mara kwa mara, na siku hizi hujieleza kabla hajaulizwa.

Mimi nashona nguo ng'ambo ya barabara. Cherehani yangu inaangalia lango lake, kwa hiyo mambo ya kwake nayajua kuliko yanavyonihusu. Maswali yale nayajua kwa moyo. Mmea utakaa wapi, dirisha linaangalia wapi, nani ataumwagilia, unasafiri mara kwa mara, na ukisafiri nani atabaki nao. Akishasikia majibu, hukutazama mikono. Kwake yeye watu wamegawanyika sehemu mbili. Kuna mwenye mkono mkavu, huyo husahau mpaka majani yaanguke sakafuni. Na kuna mwenye mkono wa maji, ambaye hawezi kupita karibu na chungu bila kukinywesha.

"Wa mkono wa maji ndio wanaoua zaidi," huniambia. "Mmea ulionyauka kwa kiu ukiuwahi unaamka. Uliooza mizizi ndio basi tena."

Mimi aliniona mkavu siku ya kwanza. Nilitaka waridi, akanipa mmea wenye majani magumu yaliyosimama wima kama panga, akasema huo hata nikiusahau nikahama nyumba, nikirudi nitaukuta. Nilinuna wiki nzima. Mmea upo mpaka leo juu ya kabati la vitambaa, umeongeza majani, na sikumbuki mara ya mwisho niliunywesha lini.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa msafishaji katika jengo la ofisi. Ofisi zikifunguliwa hununua mimea mikubwa ya kupendezesha mapokezi, kisha huiweka kwenye kona karibu na lifti, mahali ambapo hata binadamu akikaa mwezi atapauka. Watu humwagia humo chai iliyobaki. Mmea ukianza kuinamisha kichwa, msafishaji anaambiwa autupe. Yeye hakutupa, alibeba. Alishuka na chungu kifuani, akapanda basi nacho mapajani, na nyumbani akakipangusa majani kwa kitambaa kibichi kama anavyopanguswa mgonjwa.

Mume wake ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache sana. Uani kwao kulikuwa na friji zilizokwisha kazi, zile ambazo wenyewe walizileta zitengenezwe wakasikia bei wakazikimbia. Fundi alizilaza chali, akazitoboa chini, akazijaza udongo. Droo za mboga zikawa za kuoteshea miche, na rafu za waya zikawa za kuning'inizia vile vinavyopenda hewa. Mpaka leo mgeni akiingia pale hudhani ni mahali friji zinapokuja kuzeekea.

Sheria zake ni chache na hazina mjadala. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Kikitoka na udongo umegandia, weka kopo chini uende ukafanye mambo mengine. Bogenvilia usiionee huruma, maana ukiinywesha sana itakushukuru kwa majani, ila ikikaa na kiu kidogo inatoa maua mpaka rangi ya ukuta haionekani. Na mmea ukishaupatia mahali, uache hapo. Ukiuhamisha leo dirisha hili kesho lile, unapukutisha majani.

"Kila ukiuhamisha unaanza maisha upya," huwaambia wateja. "Na wewe ungependa?"

Kando ya mlango wake palikuwa na mmea mmoja ambao haukuwa wa kuuza hata kwa mfalme. Ni ule wanaouita waridi la jangwani. Shina lake chini lilikuwa nene, limevimba kama kibuyu, na juu yake matawi mafupi yenye maua ya rangi ya waridi iliyokoza. Marehemu mama yake ndiye aliyeuotesha kwa mbegu, na yeye alipoolewa alikuja nao kabla ya vyombo. Mbegu zake ndizo zilizozaa mawaridi mengine yote aliyouza. Nimeshamwona akiwa na hasira ya jambo fulani, anatoka, anaweka kiganja juu ya lile tumbo la mmea, anasimama kidogo, halafu anarudi ndani akiwa mtu mwingine.

Ndipo Bibi akaja.

Bibi ni mama mzazi wa fundi. Mzee wake alipofariki, wana wawili waliketi wakakubaliana mama yao akae kwa zamu, miezi kadhaa kwa huyu, miezi kadhaa kwa yule. Walisema ni ili mama asimchoke yeyote. Kwamba ni ili yeyote asimchoke mama, hilo hawakusema. Alishuka na begi kubwa la kahawia lililofungwa mkanda, begi alilonunuliwa na mwanawe mdogo kwa ajili ya zamu hizo. Akalisukuma uvunguni mwa kitanda cha chumba cha wageni. Kila asubuhi alilivuta, akatoa gauni, na jioni akalirudisha gauni limekunjwa. Kabati lililokuwa chumbani hakuligusa, na vitundikio vyake vya waya vilibaki vitupu.

Mama Vyungu alimpokea vizuri, tena mno. "Mama, wewe umeshafanya kazi vya kutosha. Sasa kaa, upumzike." Akamtolea kiti chenye mto, akakiweka kivulini. Bibi akishika ufagio, ananyang'anywa kwa tabasamu. Akivuta sufuria ya viazi amenye, linakuja tabasamu jingine, "Hapana mama, acha, nitamenya mimi." Sijawahi kuona mtu akiheshimiwa mpaka akakosa la kushika.

Mchana Mama Vyungu hutoka. Zile ofisi zilizokuwa zinatupa mimea sasa humwita yeye akaitunze, na zamu yake ya kupita huko ni baada ya chakula. Saa hizo nilikuwa namwona Bibi anainuka kwenye kiti chake na kikombe cha bati, anachota kwenye pipa, anapita chungu hadi chungu. Kila chungu na kikombe chake, anaongea navyo kama mtu anayegawa uji kwa wajukuu. Nilijua amepewa kazi, nikafurahi kwa ajili yake. Uso wake saa hizo ulikuwa uso wa mtu mwenye nyumba.

Baada ya muda mimea ikaanza kuumwa. Majani ya chini yaligeuka manjano. Vijidudu vidogo vyeusi vikawa vinaruka juu ya udongo. Bogenvilia zilizoagizwa na zahanati kwa ajili ya lango lake zikaota majani mazito ya kijani, ua halionekani. Mama Vyungu alimlaumu muuza mbolea, akalaumu mvua ambayo haikunyesha, akamlaumu mumewe kwa friji ambayo hakuitoboa vizuri. Fundi alichukua nyundo na msumari akaitoboa upya bila kujibu.

Kisha asubuhi moja akaenda kwenye lile waridi la jangwani, akaweka kiganja kwenye tumbo lake kama kawaida, na kidole gumba kikazama ndani kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Pakatoka harufu ya kuoza. Alikaa chini palepale kwenye mchanga na khanga yake safi.

Alipoinuka alivuka barabara hadi kwangu, mikono bado ina majimaji ya mmea.

"Jirani, mimi nikitoka mchana nani anaingia kwangu?"

"Hakuna anayeingia," nikamwambia. "Yupo Bibi tu na kazi yake ya kumwagilia."

Alinitazama kama nimekata kitambaa cha watu kinyume. Kisha akageuka, akavuka bila kuangalia magari.

Lango lilikuwa wazi, nikasikia yote. Hakupiga kelele. Kwa mama mkwe mtu hapigi kelele, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa mabaya zaidi, yalitoka taratibu.

"Mama, ni wewe unayemwagilia?"

"Ndiyo, mwanangu. Naona udongo umekauka, nikasema huyu mtoto ana kazi nyingi, acha nimsaidie."

"Huu ulikuwa wa marehemu mama yangu."

"Nimeona unapendeza. Huo nilikuwa nauongezea kikombe cha pili."

"Mama, umeniulia."

Bibi alikitazama kikombe kile cha bati. Akakiweka juu ya kiti chenye mto, akaingia ndani, na siku nzima hakutoka tena. Jioni alimpigia simu mwanawe mdogo. Zamu ilikuwa bado, ila alimwambia aje amchukue Jumamosi.

Sasa mjue huko alikokuwa anakwenda ni wapi. Mwana mdogo anakaa ghorofa ya juu kabisa, yeye na mkewe wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na mlango hufungwa kwa nje kwa usalama. Si watu wabaya. Ni watu wa shughuli. Fundi wa friji, ambaye katika mwaka mzima nimemsikia akisema labda maneno ya kujaza kiganja, alikuja kwangu kunyoosha suruali ambayo haikuhitaji kunyooshwa, akasimama, akasema, "Akiondoka hivi, harudi." Suruali akaisahau.

Mama Vyungu naye alikuja. Alikuwa amekata matawi mazima ya lile waridi na kuyalaza kivulini ili majeraha yakauke kabla ya kuyapanda. Alinieleza kwamba tawi litashika, maua yatakuja, ila tumbo la namna ile hutokana na mbegu, tawi halilirudishi. Kisha akasema, "Nina hasira na nina aibu, na sijui nianze na ipi."

Sikumpa ushauri. Watu wakiwa katika hali hiyo ukiwashauri wanakukumbuka vibaya.

Ijumaa akaja mteja, dada mmoja mwenye miwani. Alitaka mmea kwa ajili ya baba yake mzee. Nilikuwa pale, nimepeleka mapazia. Mama Vyungu akaanza usaili wake kwa sauti isiyo na chumvi, kama mtu anayesoma tangazo. Dirisha linaangalia wapi. Nani atamwagilia.

"Baba mwenyewe," alisema yule dada. "Na hapo ndipo penye tabu. Hana kazi nyingine kutwa. Kila tunachomletea anakimwagilia mpaka kinaoza. Tumeshamficha hadi kopo."

"Msimfiche kopo," Mama Vyungu akamjibu palepale, bila kufikiri, kama anavyojibu siku zote. "Kosa si la mzee, kosa ni la aliyemchagulia mmea. Mtu mwenye mkono wa maji unampa mmea unaokaa majini. Mpe mafunjo. Yale hata akiyamwagilia asubuhi, mchana na jioni, yatamwambia ongeza. Mtu mzima anataka kitu kinachomhitaji, siyo…"

Akaishia hapo. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Yule dada alisubiri, akanitazama mimi, mimi nikatazama mapazia.

"Basi nipe hayo mafunjo," alisema dada.

Yalikuwepo ya chungu kimoja tu, kwenye kona ya pipa, yamesimama marefu, na vichwa vyake vya nyuzi kama vifagio vya kijani. Mama Vyungu akayatazama.

"Hayo hayauzwi," akasema. "Njoo wiki ijayo."

"Si umesema…"

"Nimesema nipe wiki, mwanangu. Nina mteja mbele yako."

Dada aliondoka amekasirika, na ana haki. Mama Vyungu alivuta droo kubwa ya friji ambayo haijatobolewa, ile ya plastiki inayopitisha mwanga, akaisugua kwa sabuni na mchanga. Akaweka chungu cha mafunjo ndani, akajaza maji, akaibeba mwenyewe mpaka chumba cha wageni huku maji yakimlowesha kifua. Nilibeba mlango, yaani niliushika usijifunge. Sikuona sababu ya kuondoka baada ya hapo.

Bibi alikuwa ameketi kitandani. Begi lilikuwa limeshatoka uvunguni, limejaa, halijafungwa mkanda.

Mama Vyungu aliweka droo sakafuni, akapiga magoti pembeni yake.

"Mama, nimekuja kukuuliza maswali. Nilipaswa kukuuliza siku uliyofika. Wateja wote nawauliza, wewe nikakupa kiti."

Bibi aliyatazama mafunjo.

"Dirisha lako linaangalia wapi?"

"Dirisha langu?" Bibi alisema. "Hilo la wageni?"

"Hilo lako."

Bibi aligeuka akalitazama, kama ndiyo kwanza analiona. "Jua linaingia asubuhi. Linafika mpaka hapa mguuni pa kitanda. Saa nne linaondoka."

"Nani atamwagilia?"

"Mimi si nimekatazwa?"

"Nani atamwagilia, mama?"

"Mimi."

"Unasafiri mara kwa mara?"

Hapo Bibi akamtazama usoni. Macho yalikuwa makavu na sauti haikutikisika. "Mimi sisafiri, mwanangu. Nyinyi ndio mnanisafirisha."

Swali linalofuata nalijua, la nani atabaki na mmea. Mama Vyungu hakuliuliza. Aliinamisha kichwa juu ya ile droo akalia, na machozi yake yakadondoka majini, jambo ambalo mafunjo hayakulijali. "Nisamehe," alisema. "Kosa lilikuwa langu, na bado nikakusemesha vile."

"Na ule wa mama yako?" Bibi aliuliza.

"Tumbo limekufa. Matawi yanakauka, wiki ijayo nitayapanda. Yatashika."

"Nilikuwa naupa kikombe cha pili," alisema Bibi, na sasa yeye ndiye aliyelia. "Niliupenda ndiyo maana."

"Najua, mama."

Walikaa hivyo. Mimi nilikuwa bado nimeshika mlango na mkono umekufa ganzi. Mwishowe Mama Vyungu akajifuta, akaonyesha kwa kidole ubavuni mwa droo. "Maji yasishuke chini ya mstari huu. Siku za joto yanakunywa sana, inabidi kuangalia kila siku. Mimi sitaweza. Na mmea huu hauhamishwi." Hakumwambia abaki. Alisimama, akatoka, tukaenda kupima mapazia yasiyohitaji kupimwa.

Jumamosi mwana mdogo alikuja na gari, akapiga honi langoni. Nilisimamisha cherehani. Begi la kahawia lilikuwa mlangoni limefungwa mkanda, limesimama wima. Mama Vyungu aliliona, akageuka akajitia kupangusa majani ya mmea wa mpira ambao alikwisha kuupangusa. Fundi alitoka na bisibisi mkononi, akasimama bila kusema neno, kama kawaida yake, lakini safari hii uso ulisema.

Mwana mdogo alisalimia wote, akashika begi kwa mikono miwili, akajikaza kulinyanyua kama anavyolijua uzito wake. Likapaa. Nusura aanguke chali nalo. Alilitikisa, akalifungua mkanda, akachungulia ndani.

"Mama! Mbona tupu?"

Bibi alikuwa dirishani kwake, upande wa ndani, na kikombe chake cha bati. Alimimina taratibu mpaka maji yakafika kwenye mstari.

"Hilo begi ulininunulia wewe," alisema bila kugeuka. "Nimekurudishia."

"Na nguo zako ziko wapi?"

"Kabatini."